Nani Mwingine Ana Ufunguo?

Anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto hupita Soni, barabara ikijikunja ubavuni mwa mlima na baridi ikianza kuuma kabla safari haijaisha. Kifungilo iko huko juu, kwenye Usambara ya migomba, kabichi na miti ya plamu. Jina hilo likitajwa leo Dar es Salaam au Arusha, wengi hufikiria sekondari ya wasichana ya Kanisa Katoliki na matokeo yake ya mitihani. Wachache wanakumbuka kwamba enzi za Tanganyika palikuwa pia na kituo cha watoto machotara walioachwa na wazazi wao, kikiendeshwa na masista wa Kijerumani.

Mmoja wa watoto hao, Maria Nhambu, alikua, akaenda Marekani, akafundisha Kiswahili katika shule za Minneapolis, na mwaka 2016 akachapisha kumbukumbu za utoto wake kwa jina la Africa's Child. Si kitabu cha mashtaka. Masista wamo humo kama walezi waliowalisha, kuwavisha na kuwasomesha watoto ambao hakuna mwingine aliyewataka. Lakini humo humo mna upweke, mna kupuuzwa, mna kuonewa. Na mna ngoma, ambayo mwandishi anasema ndiyo iliyomshikilia asizame.

Mhadhara huu hauhusu watoto. Unaanzia Kifungilo kwa sababu mtoto aliyeonewa ana nafasi ya kukua, kuondoka na siku moja kusimulia. Bibi wa miaka 83 ambaye ameanza kusahau hata jina la mwanawe hana miaka arobaini ya kusubiri ili aandike. Kijana mwenye ulemavu wa akili aliyefungiwa chumbani hatakwenda Minneapolis. Mtu aliyepooza upande mmoja na ulimi ukawa mzito atamaliza siku zake mikononi mwa yule yule anayemlisha, na yule anayemlisha ndiye huyo huyo anayeulizwa na wageni, "Anaendeleaje?" Jibu huwa ni kwamba anaendelea vizuri.

Hao ndio watu wazima wanaozungumzwa hapa: wazee wasiojiweza, wagonjwa wa akili, wenye ulemavu na wote ambao maisha yao yamo mikononi mwa mtu mwingine kuanzia uji wa asubuhi hadi choo cha usiku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi hutendewa ubaya wa aina fulani ndani ya mwaka mmoja akiwa anaishi katika jamii. Ndani ya nyumba za matunzo hali ni mbaya zaidi, na ushahidi umetoka kwa watunzaji wenyewe: wafanyakazi 2 kati ya 3 waliohojiwa walikiri kumtendea mkazi ubaya katika mwaka uliotangulia. Tafiti nyingi zilizotoa takwimu hizo zilifanyika katika nchi tajiri, zenye mafunzo, wakaguzi na kamera. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba tukio 1 tu kati ya 24 ndilo hufika kwenye masikio ya mamlaka.

Usambara ina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa katika jambo hili. Juu ya Korogwe, kwenye miteremko ya milima hii hii, ipo Hospitali ya Lutindi, inayotajwa kuwa hospitali kongwe kuliko zote za magonjwa ya akili Afrika Mashariki. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha kituo hicho mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 kikaanza kupokea wagonjwa wa akili, miaka mingi kabla ya Hospitali ya Mirembe kufunguliwa Dodoma mwaka 1927. Leo iko chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, yenye makao yake Lushoto. Lutindi imejulikana kwa tiba ya kazi. Mgonjwa halali kutwa akitazama dari. Anachuma chai, analima bustani, anafanya kazi karakana, na kijiji kimemzoea. Ukilinganisha na wodi zenye nondo na sakafu ya saruji tupu, ambazo zimekuwa sura ya matibabu ya akili katika sehemu kubwa ya dunia, utaona kwamba walioijenga Lutindi waliona mbali.

Hata hivyo tiba ya kazi ina swali lake, na swali hilo linahusu kila nyumba ya matunzo yenye shamba, popote ilipo. Mgonjwa anayechuma chai kwa sababu inamtuliza, na anayeweza kusema leo sitaki, yuko kwenye tiba. Mgonjwa anayechuma kwa sababu asipochuma hali, huyo ni kibarua asiye na mshahara. Kwa macho ya mpita njia wote wawili wana kikapu mgongoni. Tofauti yao inaonekana tu na anayekaa nao muda wa kutosha kuuliza, na ambaye mgonjwa anajua kwamba hatamchongea kwa msimamizi.

Misheni iliyojenga kazi hiyo Usambara ilikuwa na uhusiano wa karibu na Bethel, mji wa matunzo ulioanzishwa mwaka 1867 karibu na Bielefeld, Ujerumani, kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, ukakuzwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Ni vigumu kupata mahali palipotajwa sana kwa huruma kuliko Bethel. Ndipo wakaja Wanazi. Kwanza ilikuja sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu watu walioitwa wagonjwa wa kurithi, na Bethel ikaitekeleza. Kisha mwaka 1939 zikaanza kusambazwa fomu katika nyumba za matunzo nchi nzima. Fomu hizo ziliuliza jina, ugonjwa, muda aliokaa mgonjwa, nani humtembelea, na kazi anayoweza kufanya. Kwa majibu hayo, madaktari ambao hawakuwahi kumwona mgonjwa waliandika kwenye fomu yake alama ya kujumlisha, iliyomaanisha kifo. Hadi Agosti 1941 watu 70,273 walikuwa wameuawa kwa gesi katika vituo sita.

Mwana wa Bodelschwingh, naye Friedrich, pamoja na mchungaji Paul Gerhard Braune wa Lobetal, walipinga. Braune aliandika waraka wa malalamiko mwaka 1940 na akakamatwa. Upinzani wao ulichelewesha mambo na kuwaokoa wengi. Lakini Septemba mwaka huo huo wagonjwa Wayahudi waliokuwa Bethel waliondolewa na kupelekwa Brandenburg kuuawa. Vipengele viwili vya fomu vinahitaji kukumbukwa: anatembelewa na nani, na anafanya kazi gani. Waliobuni mauaji walijua vizuri wanachokitafuta. Mtu asiye na mgeni na asiye na faida ndiye aliyekuwa rahisi kutoweka.

Kwa hiyo huruma ya mwanzilishi, iwe ya sista, mchungaji, sheikh au mfadhili kutoka ng'ambo, haitoshi kumlinda mkazi. Huruma huweza kujenga nyumba na kununua vitanda. Usiku wa manane, mhudumu mmoja akiwa peke yake na watu thelathini, mwanzilishi amelala.

Makazi ya serikali ya wazee wasiojiweza, ambayo sasa yako chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, yana asili yake pia. Baadhi yalianzia kwenye kambi za wenye ukoma. Nunge iliyoko Kigamboni na Bukumbi iliyoko Misungwi ni mifano. Mkoa wa Tanga una Mwanzange mjini Tanga na Misufini wilayani Muheza. Kambi za ukoma zilijengwa makusudi mbali na watu, na zilipogeuka makazi ya wazee zikarithi umbali huo. Jiji la Dar es Salaam limeifikia Kigamboni, kwingine basi halifiki hadi leo. Umbali ni jambo dogo likitazamwa kwenye ramani. Kwa mzee ambaye mpwa wake anahitaji nauli ya kwenda na kurudi pamoja na mahali pa kulala, umbali ndio unaoamua kama ataonwa na ndugu mara moja kwa mwezi au hataonwa tena.

Sasa inafaa kuingia chumbani, kwa kuwa uzembe hauonekani kutoka getini. Getini kuna bango, maua na chokaa nyeupe, hasa wiki ambayo mkuu wa wilaya anatarajiwa.

Tazama visigino. Mtu asiyeweza kujigeuza hulala kwa uzito wake wote juu ya mifupa michache: visigino, nyonga, mfupa wa chini ya mgongo, mabega. Damu inapozuiwa hapo kwa saa kadhaa, nyama huanza kufa. Ndiyo maana manesi hufundishwa kumgeuza mgonjwa takriban kila baada ya saa mbili na kuandika wamemgeuza saa ngapi na upande gani. Vitabu vingi vya mafunzo, kwa kuwa viliandikiwa ngozi nyeupe, humwambia nesi atafute wekundu usiopotea ukibonyezwa kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani. Mkono ndio unaotambua: sehemu ina joto kuliko jirani yake, imekuwa ngumu au laini kupita kawaida, au imeiva rangi ya zambarau, na mgonjwa anakunja uso ukigusa. Asiyejua hilo ataona kidonda siku ngozi inapopasuka, na wakati huo huenda kimekwisha kufika kwenye mfupa.

Tazama kikombe cha maji kiko wapi. Kikombe kilichojaa juu ya meza ambayo mkono wa mgonjwa haufiki ni kikombe cha kuonyesha wageni. Tazama kucha, na ulimi kama umekauka. Uliza sabuni na taulo ni za nani, maana pale ambapo wanawake kumi na wawili wanatumia kitambaa kimoja cha kuogea, hakuna anayehesabiwa kuwa mtu mwenye mwili wake. Angalia nani anaoga mbele ya nani, na kama mlango wa bafu unafungwa. Sikiliza pia. Wodi yenye wagonjwa wa akili ambayo iko kimya kabisa saa nne asubuhi inapaswa kumshtua mgeni kuliko yenye kelele. Dawa za kutuliza, kama haloperidol na chlorpromazine, zina kazi yake halali. Zikitolewa ili zamu ipite bila usumbufu, zinakuwa kamba isiyoonekana. Mate yanayotiririka, mwendo wa kuburuta miguu, mikono inayotetemeka na macho yasiyofuata anayezungumza ni sababu ya kuomba kuona kadi ya dawa: nani aliandika, lini, na mara ya mwisho daktari alipitia lini.

Halafu kuna pesa. Wizi wa siku hizi hauhitaji kuvunja sanduku. Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi bila kujali kama aliwahi kuajiriwa, na mwaka 2023 kiwango kikapanda kuwa 50,000. Ni hatua ambayo Bara bado inaionea wivu. Lakini popote ambapo mzee ana fedha yake, iwe pensheni, ruzuku ya TASAF au hela aliyotumiwa na binti yake kwa simu, swali ni nani anashika laini na nani anajua namba ya siri. Mjukuu anayesema "Bibi hawezi kusoma meseji" mara nyingi anasema kweli. Mara nyingine ndiyo sababu bibi hajui kwamba fedha iliingia.

Hoja ambayo hutolewa haraka ni kwamba matatizo haya yote yanatokana na umaskini: pesa zingekuwepo, mambo yangenyooka. Ni hoja yenye ukweli ndani yake, na hakuna mlezi anayelala njaa ambaye atatunza vizuri kwa muda mrefu. Lakini mifano miwili inaichana.

Wa kwanza ni wa Afrika Kusini. Oktoba 2015 idara ya afya ya jimbo la Gauteng ilitangaza kuvunja mkataba wake na Life Esidimeni, kampuni iliyokuwa ikitunza wagonjwa wa akili wa muda mrefu, ili kupunguza gharama. Familia na mashirika ya utetezi walionya, hata wakafika mahakamani. Mwaka 2016 wagonjwa takriban 1,700 walihamishwa, wengi wao kwenda kwa asasi ndogo ambazo hazikuwa na leseni halali, wahudumu waliosomea kazi, wala chakula cha kutosha. Baadhi walipakiwa kwenye pikapu. Ripoti ya mchunguzi mkuu wa malalamiko ya huduma za afya, Profesa Malegapuru Makgoba, ya Februari 2017 ilieleza jinsi asasi zilivyochagua wagonjwa kama wanunuzi mnadani. Ndugu walizunguka jimboni wakitafuta ndugu zao, na wengine waliwakuta chumba cha maiti. Waliokufa walifikia 144, wengi kwa njaa, kiu, baridi na magonjwa yanayotibika. Machi 2018 jaji mstaafu Dikgang Moseneke aliamuru serikali izilipe familia, kila moja randi 1,200,000. Uchunguzi wa mahakama uliomalizika Julai 2024 ulisema kwamba vifo tisa vinaweza kuhusishwa na maamuzi ya aliyekuwa waziri wa afya wa jimbo, Qedani Mahlangu, na mkuu wa afya ya akili, Makgabo Manamela.

Hapo umaskini, au tuseme ubahili, una lawama yake. Mfano wa pili hauna umaskini hata kidogo. Winterbourne View ilikuwa hospitali binafsi karibu na Bristol, Uingereza, yenye vitanda 24 vya watu wazima wenye ulemavu wa kujifunza na usonji. Serikali ililipa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kwa kila mgonjwa. Nesi mwandamizi, Terry Bryan, aliona wagonjwa wakiteswa akawaandikia wakubwa wake, kisha akaiandikia mamlaka ya ukaguzi. Hakuna aliyeshughulika. Mwishowe akawaendea waandishi wa kipindi cha Panorama cha BBC, ambao walimwingiza mwandishi kama mhudumu akiwa na kamera iliyofichwa. Tarehe 31 Mei 2011 Waingereza waliona kwenye televisheni wagonjwa wakipigwa makofi, wakiburutwa sakafuni, wakimwagiwa maji wakiwa na nguo zao. Watu 11 walitiwa hatiani, sita wakafungwa. Na kabla ya hapo wagonjwa wa nyumba ile walikuwa wamepelekwa hospitali ya jirani wakiwa na majeraha tena na tena, polisi wameitwa tena na tena, kila ofisi ikiandika kwenye daftari lake bila kuangalia la mwenzake.

Kwa hiyo randi chache au pauni elfu tatu na mia tano, mlango ukifungwa na ufunguo ukawa kwa mtu mmoja, yatatokea yale yale. Afrika Mashariki haijasalimika. Mwaka 2023 BBC Africa Eye ilirusha picha za siri kutoka nyumba moja ya wazee upande wa Kikuyu, nje ya Nairobi, wazee wakitendewa vibaya na wengine wakikosa matibabu kwa wakati. Oktoba 2020 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu watu wenye matatizo ya akili wanaofungwa minyororo au kufungiwa katika nchi takriban 60, Kenya ikiwamo, majumbani na kwenye nyumba za maombezi na za waganga.

Mtu anaweza kusema: hao ni wa huko, sisi tunatunza wazee wetu nyumbani. Ni kweli kwamba kati ya wazee takriban milioni 3.5 waliohesabiwa Tanzania katika sensa ya 2022, walio kwenye makazi rasmi ni wachache mno. Nyumba ya matunzo ya Mtanzania ni nyumba ya familia. Lushoto, ambako ardhi imegawanywa hadi vipande vya kabichi haviwezi kugawanywa tena, vijana huteremka Tanga na Dar es Salaam kutafuta maisha, na nyumbani hubaki babu, bibi na wajukuu. Mama anayemtunza mkwe wake aliyepooza, huku ana watoto wanne na shamba kwenye mteremko unaopandwa kwa miguu na mikono, hana zamu ya kupumzika. Hakuajiriwa, hakufundishwa kumgeuza mgonjwa, na hakuna anayemuuliza yeye mwenyewe amelala saa ngapi. Akimfungia mzee ndani ili aende gulioni, ametenda kosa. Lakini mwenye kosa si yeye peke yake. Wamo na shemeji zake walioko mjini, ambao hutuma elfu kumi wakati wa sikukuu na ushauri mwaka mzima.

Na zimwi likujualo halikuli likakwisha. Anayemnyanyasa mzee nyumbani huwa anampenda pia siku nyingine, jambo linalomfanya mzee akae kimya. Hawezi kumshtaki mwanawe kwa mwenyekiti wa kitongoji halafu jioni akasubiri uji kutoka kwa mwana huyo huyo. Mikoa ya Kanda ya Ziwa imeongeza juu ya hayo tuhuma za uchawi, ambapo bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini hushukiwa na majirani, wakati mwingine hadi kuuawa. Huko ubaya haujifichi nyuma ya mlango. Ujirani wenyewe umegeuka hatari.

Sheria zinasemaje? Kwa mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 iko wazi: mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa, na nyumba za watoto zina kanuni zake za leseni na ukaguzi. Watu wenye ulemavu wana Sheria Na. 9 ya 2010, inayoagiza kuwapo kamati zao hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Wagonjwa wa akili wana Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni. Mzee asiye na ulemavu wala ugonjwa wa akili, ambaye ni mzee tu, alipata Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na Bara ikaenda miaka mingi kwa sera bila sheria, wakati Zanzibar ilitunga Sheria ya Wazee mwaka 2020. Sera haipeleki mtu mahakamani. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee ilipitishwa Januari 2016 na ikaanza kutumika Novemba 2024. Karibu miaka tisa ya kusubiri nchi za kutosha kuiridhia.

Hata hivyo sheria bora inasomwa na mtu mwenye viatu na nauli. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ya milimani ana vijiji vilivyotawanyika mabondeni na vilimani, kesi za ndoa, watoto wa mitaani, misamaha ya matibabu, na pikipiki ambayo inasubiri mafuta. Kumtaka afisa huyo peke yake awe jicho la kila mzee aliyefungiwa ni kumtania.

Ndiyo maana inafaa kutazama watu ambao tayari wapo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na katika matunzo maneno hayo yana maana ya kitabibu. Mkazi anayetembelewa bila taarifa, na watu tofauti tofauti, hugeuzwa kitandani. Kwaya, wanafunzi wa sekondari, akina mama wa jumuiya ndogondogo na vijana wa msikitini huenda kwenye nyumba hizi kila Krismasi na kila Idi wakiwa na sabuni, sukari na mtu wa kupiga picha. Zawadi hizo ni njema. Zingekuwa na nguvu zaidi kama nusu yake ingepelekwa Februari, siku ya Jumanne, bila barua ya kutaarifu, na kama mgeni mmoja angekaa na mkazi mmoja nusu saa nzima bila msimamizi kusimama pembeni. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina mamlaka ya kukagua mahali ambapo watu wanazuiliwa. Hakuna kinachozuia taarifa ya mwanakwaya ikafika kwake.

Nyumba yenyewe nayo inaweza kujibana. Hakuna gharama katika kuamua kwamba mhudumu mmoja asimwogeshe mkazi peke yake pale inapowezekana kuwa wawili. Kwamba kila anguko, kila mchubuko na kila tukio la mkazi kufungwa kwa kamba au kufungiwa chumbani linaandikwa siku hiyo hiyo kwa saa na jina. Kwamba daftari hilo linasomwa na mtu asiyelala pale wala kulipwa na pale. Kwamba fedha ya mkazi inahesabiwa mbele ya watu wawili. Gharama iko kwenye zamu ya usiku, na hapo wafadhili hawapendi kuingia, maana mshahara wa mhudumu wa pili wa usiku haubandikwi kibao cha uzinduzi kama jengo.

Mhudumu naye ana hofu zake. Waafrika Mashariki wengi sasa wanatunza wazee wa watu wengine huko Uingereza na Ghuba. Uingereza ilifungua visa ya wahudumu wa matunzo mwaka 2022, visa iliyomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake: akifukuzwa, kibali cha kukaa nacho kiko hatarini. Mtu aliyekopa kijiji kizima ili apate visa hiyo atafikiri mara mbili kabla ya kuripoti kwamba msimamizi wake anawanyima wazee maji usiku ili wasilowe. Milimani Usambara hofu hiyo haina visa, lakini ipo. Dada wa kazi wa miaka kumi na minane aliyeletwa kumtunza mzee, anayelala jikoni na kulipwa kupitia shangazi yake, hana wa kumwambia kwamba baba mwenye nyumba humpiga babu. Akisema, anarudishwa kwao na mwingine analetwa.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, angalau kwenye karatasi. Mabaraza ya wazee yapo hadi ngazi ya kijiji, na mara nyingi hualikwa kukaa viti vya mbele wakati wa sherehe. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, mzee kama mzee hana fungu humo. Baraza la wazee la kata lingeweza kuanza na orodha tu: ni nani katika kila kitongoji hatoki ndani, anatunzwa na nani, nani mwingine ana ufunguo wa chumba chake, na mara ya mwisho alionekana na mtu asiye wa nyumba hiyo lini. Orodha hiyo haihitaji mfadhili, ila daftari la kurasa mia na vikongwe wawili wenye miguu inayopanda mlima. Watakutana na milango ambayo haifunguliwi haraka, na majina ya hizo nyumba ndiyo yatakayopelekwa kwa afisa ustawi wa jamii siku pikipiki itakapopata mafuta.